Keith Johnston

Alexander Keith Johnston (24 Novemba 1844 – 28 Juni 1879) alikuwa mwanajiografia na mchoraji wa ramani kutoka Uskoti. Anakumbukwa kama kiongozi wa msafara uliotafuta njia kati ya Dar es Salaam na Ziwa Nyasa, akafariki huko Behobeho, kusini-mashariki kwa Milima ya Uluguru.

Maisha

Alizaliwa Edinburgh. Baba yake, mwenye jina lilelile, alikuwa mchoraji mashuhuri wa ramani, na mwana alijifunza kazi hiyo kwake. Mwaka 1870 alitoa ramani ya eneo la maziwa ya Afrika ya Mashariki. Wakati huo alikuwa hajafika huko: alilinganisha habari za wasafiri, hasa David Livingstone. Kati ya miaka 1873 na 1875 alishiriki katika upimaji wa ardhi nchini Paraguay.

Msafara wa mwaka 1879

Shirika la Kifalme la Kijiografia la London lilimteua kuongoza msafara wa kwenda ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa na kuendelea hadi Ziwa Tanganyika. Nchi kati ya pwani na Nyasa ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za Ulaya. Msaidizi wake alikuwa Joseph Thomson, mwanajiolojia mwenye umri wa miaka 21. Wapagazi waliongozwa na Chuma, mmoja wa watu waliobeba maiti ya Livingstone hadi Bagamoyo.

Waliondoka Dar es Salaam mwezi Mei 1879, wakapita Uzaramo kuelekea nchi ya Wakutu, kaskazini kwa mto Rufiji. Njiani Johnston alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu. Alifariki Behobeho akiwa na umri wa miaka 34, akazikwa hapohapo.

Baada ya kifo chake

Thomson hakurudi pwani. Akimtegemea Chuma, alifika Nyasa mwezi Septemba na Tanganyika mwezi Novemba 1879. Alilipitia pia Ziwa Rukwa kabla ya kurejea Bagamoyo mwaka 1880. Hivyo ramani aliyokusudia Johnston ilijazwa kwa vipimo vya msaidizi wake.

Behobeho sasa iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Frederick Selous, aliyeuawa mwaka 1917 katika Vita Kuu ya Kwanza, alizikwa hukohuko.