Padre Horner wa Bagamoyo

Bonde la Kilombero lina watu wa makabila mengi. Tangu zamani wamo Wandamba, wavuvi wa mtoni na wakulima wa mpunga; wamo Wapogoro wa nchi ya Mahenge, na Wabena, na Wambunga, na Wahehe wa milimani. Tena mashamba ya miwa yaliyofunguliwa katika miaka ya 1960, na njia ya reli iliyojengwa tangu 1970 hata 1975, yaliwaleta wageni wa nchi nyingi kutafuta kazi, na wengi wao hawakurudi kwao. Kwa hiyo mtu akisimama mbele ya kanisa siku ya Dominika, iwe huko Sanje chini ya milima ya Udzungwa, au Ifakara penyewe, husikia watu wakiamkiana kwa lugha nyingi. Kengele ikilia wote huingia, na sala ni moja, kwa Kiswahili.

Jambo hili lina mwanzo wake. Mapadre Wabenedikto walifika Kwiro, karibu na Mahenge, mwaka wa 1902. Lakini miaka zaidi ya thelathini kabla yao, kule pwani, watu wasiojuana lugha walikwisha kukusanyika na kusali pamoja, nao hawakukusanyika kwa hiari yao. Mahali pale ni Bagamoyo, na mkubwa wa misioni alikuwa Padre Antoine Horner, wa Shirika la Roho Mtakatifu.

Horner alizaliwa mwaka wa 1827 katika Alsace, nchi iliyo mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani. Watu wa nchi ile walisema Kijerumani cha kwao nyumbani, wakasoma Kifaransa shuleni, na kanisani wakasikia Kilatini. Basi mtoto wa Alsace hakuona ajabu mtu mmoja kuwa na lugha tatu, kila moja kwa mahali pake. Alipokwisha kupata upadre alipelekwa kisiwa cha Réunion, katika bahari ya Hindi, nchi ya mashamba ya miwa. Watumwa wa kisiwa kile walikuwa wamefunguliwa Desemba 1848, miaka michache tu kabla ya kufika kwake, nao walikuwa wametoka Bukini, na Msumbiji, na nchi nyingine za Afrika. Padre Horner aliwatumikia maskini, na hasa wenye ukoma, ambao watu wengine waliogopa hata kuwakaribia.

Kutoka Réunion ndiko misioni ya Unguja ilikotoka. Mwaka wa 1860 Padre Fava alivuka bahari pamoja na mapadre wengine na masista, akafungua nyumba mjini Unguja. Masista wale walikuwa wa shirika la Mabinti wa Maria, lililoanzishwa Réunion mwaka wa 1849, na ndani yake walipokewa wanawake weupe na weusi, hata waliokuwa watumwa. Mwaka wa 1863 kazi ile ilikabidhiwa Shirika la Roho Mtakatifu, ndipo Padre Horner alipofika Unguja pamoja na Padre Baur, naye pia mtu wa Alsace, na mabruda.

Siku zile Unguja ilitawaliwa na Seyyid Majid. Wenyeji walikuwa Waislamu, na Padre Horner alijua ya kuwa hawataiacha dini yao. Wala Sultani hakumpa ruhusa ya kukaa ili awasumbue watu wake. Lakini palikuwa na soko mjini. Kila mwaka majahazi yalileta watu waliotekwa bara, wengi wao kutoka pande za ziwa la Nyasa, wakapangwa sokoni, wakatazamwa meno na mikono kama wanyama, wakauzwa. Watoto wadogo na wagonjwa waliuzwa kwa bei ndogo, maana hawakuwa na nguvu ya kazi. Hao ndio mapadre waliowanunua. Wengine walikuwa karibu kufa, wakabatizwa, wakazikwa upesi. Waliopona waliwekwa shuleni, wavulana kwa mapadre na wasichana kwa masista.

Jambo hili lilileta mashaka tangu siku ile, na halikuwa dogo. Anunuaye mtumwa ili amfungue humtia fedha mkononi yule aliyemteka, na mwenye kupata fedha hurudi bara kuteka tena. Mapadre walijua hivyo. Lakini mtoto aliye mbele ya macho hawezi kungoja mpaka biashara yote ikomeshwe. Wakanunua. Baadaye manowari za Kiingereza zilikamata majahazi ya watumwa baharini, na wengine wa watu waliookolewa wakapewa misioni bila fedha. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash, ndugu yake Majid, alitia sahihi mkataba na Waingereza, na soko la Unguja likafungwa.

Mji wa Unguja ulikuwa mdogo kwa watoto wengi namna ile. Padre Horner akatafuta ardhi barani, akaipata Bagamoyo kwa idhini ya Seyyid Majid, na misioni ikafunguliwa mwaka wa 1868. Bagamoyo ndipo ilipokwisha njia kuu ya misafara. Wapagazi Wanyamwezi walishuka na pembe za ndovu mabegani, na watumwa nao walishuka kwa njia ile ile. Basi misioni ilijengwa kando ya mlango ule ule ambao watoto wake waliingilia utumwani.

Wafikiriwe watoto wale siku ya kwanza. Mmoja ni Myao, mmoja Mngindo, mmoja Mzaramo, mwingine ametekwa akiwa mdogo mno hata jina la nchi yake halijui sawasawa. Hawezi kumwambia mwenziwe ya kuwa anaumwa. Mapadre nao hawajui lugha zile, kwa maana ni nyingi, wala hakuna kitabu chake. Njia iliyokuwapo ilikuwa moja, lugha ya pwani, ambayo watoto wengine walikwisha kuokota maneno yake njiani na jahazini. Maneno hayo ya kwanza yalikuwa ya amri na matusi. Sasa kwa lugha ile ile walifundishwa kumwita Mungu Baba.

Juma lao lilikwenda kwa kengele. Asubuhi na mapema waliamka, wakasali, wakasikia Misa. Kisha wengine walikwenda shambani, maana misioni ilifyeka pori kubwa na kupanda minazi na vyakula. Wengine walijifunza useremala, au uhunzi, au kushona. Saa nyingine zilikuwa za darasa: kusoma, kuandika, hesabu, na katekisimu. Jioni walisali tena. Dominika kazi ilikoma. Misa iliimbwa kwa Kilatini, kama katika makanisa mengi ya Kikatoliki siku zile, na watoto wakaitika kwa Kilatini. Kifaransa nacho kilifundishwa, na nyimbo zake. Stanley, yule mwandishi wa gazeti aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alikula chakula misioni mwaka wa 1871 kabla ya kuanza safari yake. Baada ya kula aliletewa wavulana wenye tarumbeta, wakapiga na kuimba Kifaransa, naye akastaajabu sana kusikia nyimbo hizo katika pwani ya Afrika.

Basi lugha zilikuwa na mahali pake. Kilatini kilikuwa cha altare, Kifaransa cha mapadre na cha wageni. Lakini katekisimu na sala, na maneno ya shambani, na ugomvi, na mchezo, vilikuwa kwa Kiswahili, na bila hicho hakuna mtu ambaye angalimwelewa jirani yake.

Watoto walikua. Padre Horner aliona ya kuwa kuwaachilia waende zao ni kuwarudisha kwa watekaji, kwa kuwa mtu asiye na jamaa pwani aliweza kushikwa tena siku yo yote. Tena kwao hapakuwako. Wengi hawakujua njia, na vijiji vya wengine vilikuwa vimechomwa. Akaanzisha kijiji cha Kikristu karibu na misioni. Vijana walioana walipewa nyumba na kishamba, wakaifanyia misioni kazi kwa sehemu ya juma, na sehemu wakajilimia wenyewe. Hapo Kiswahili kilipata kazi kubwa kuliko ile ya darasani. Mume ametoka Uyao, mke ametoka nchi nyingine. Hawana neno la nyumbani linalowaunganisha ila Kiswahili. Mtoto wao alibembelezwa kwa lugha ambayo baba na mama wote wawili walijifunza wakiwa watumwa.

Si vema kuficha upande wa pili wa mambo haya. Watu wale walikombolewa, lakini hawakuwa huru kama tunavyosema uhuru sasa. Misioni iliwachagulia kazi, na mara nyingi iliamua wakae wapi. Aliyevunja sheria aliadhibiwa, na wako waliotoroka. Wengine walikwenda mjini, wengine walifuata misafara ya bara. Padre Horner alikuwa mtu mkali, mpenda utaratibu, naye alidhani ya kuwa wema wa baba watosha, hata kama mwana hakuulizwa. Walio wengi walikaa, wakajenga, wakazaa, na wakazikwa pale pale. Kama walikaa kwa mapenzi au kwa kukosa pa kwenda, huenda kila nyumba ilikuwa na jibu lake.

Taabu nyingine hazikumchagua mkombolewa wala padre. Mwaka wa 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia pwani, kikaua watu wengi mno Unguja na mrima. Kisha, tarehe 15 Aprili 1872, tufani kubwa ilivuma kutoka baharini. Huko Unguja iling'oa mikarafuu na minazi isiyohesabika, na Bagamoyo iliangusha majengo ya misioni, kazi ya miaka minne. Wakati ule ule nchi ya Alsace, kwao Horner na Baur, ilikuwa imekwisha kutwaliwa na Wajerumani baada ya vita vya 1870 na 1871, na misaada ya kutoka Ufaransa ilikuwa haba. Watu wa misioni wakaanza kujenga upya, na kanisa lenye mnara likasimama.

Mwanzo wa mwaka wa 1873 alifika Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa kuzungumza na Sultani habari ya watumwa. Alitembezwa mashambani, karakanani na kijijini, akasifu sana, akawataka wengine waige. Sifa hizo zilileta msaada na watu zaidi wa kutunzwa.

Jioni ya tarehe 24 Februari 1874 ulifika msafara mwingine, usiofanana na mingine yote. Susi na Chuma, pamoja na wenzao wengi, walikuwa wameubeba mwili wa Livingstone kutoka nchi ya Chitambo, kusini ya ziwa la Bangweulu, mwendo wa miezi mingi. Wabebaji nao walikuwa watu wa makabila mbalimbali. Mwili ulilazwa misioni usiku ule, kisha ukavushwa Unguja, na baadaye ukapelekwa Uingereza kuzikwa. Mnara wa kanisa lile hata leo huitwa Mnara wa Livingstone, ingawa yeye hakupata kuuona akiwa hai, na waliochukua mawe yake hawatajwi.

Padre Horner hakutaka Wakristu wake wabaki pwani tu. Mwaka wa 1870 alikuwa amesafiri mpaka Ukami, nchi ya Morogoro, kutazama mahali pa kufaa. Akarudi akiwa na homa, lakini na tumaini. Mwaka wa 1877 misioni ya kwanza ya bara ilifunguliwa Mhonda, katika milima ya Unguu. Mapadre hawakwenda peke yao. Walifuatana na vijana waliooana wa Bagamoyo, ili kijiji cha Kikristu kiwepo tangu siku ya kwanza. Watu wale walipanda njia ya misafara kwa miguu yao, wakirudi bara walikotolewa wakiwa wamefungwa. Hawakurudi makwao, Mhonda ilikuwa nchi ngeni kwao kama Bagamoyo ilivyokuwa zamani. Lakini safari hii walikuwa na waume na wake zao, na majembe, na lugha moja.

Horner mwenyewe hakukaa sana baada ya hapo. Homa za miaka mingi zilikuwa zimemmaliza nguvu, akarudishwa Ufaransa, na mwaka wa 1880 akafa katika mji wa Cannes, kando ya bahari nyingine, akiwa na miaka hamsini na kitu. Padre Baur aliendelea na kazi, na katika miaka ya 1880 mapadre wa Bagamoyo walifungua misioni Mandera na Morogoro pia.

Altareni Kilatini kilibaki kama Horner alivyokiacha. Wajukuu na vitukuu vya wale wa kijiji cha kwanza waliendelea kuitika Misa kwa Kilatini na kusali nyumbani kwa Kiswahili, mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipokutana tangu 1962 hata 1965. Baada yake, pwani na bara, na katika bonde la Kilombero pia, padre akageuka, akawaelekea watu, akaianza Misa kwa lugha ambayo watoto wale wa soko la Unguja waliitumia kwanza kuulizana majina.