Peter Sellers, Bingwa wa Sauti za Watu



Katika kijitabu hiki cha mkutano wetu napenda kuwasimulia maisha ya marehemu Peter Sellers, mwigizaji wa vichekesho wa hapa Uingereza. Nimemchagua kwa ajili ya watoto wetu, ambao shuleni husema kwa lafudhi moja na nyumbani kwa nyingine.

Alizaliwa Southsea, Portsmouth, tarehe 8 Septemba 1925. Wazazi wake walikuwa wasanii wa jukwaani, na utotoni alizunguka nao kutoka mji hadi mji. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa katika Jeshi la Anga, akiwatumbuiza askari hata Bara Hindi. Baada ya vita kazi ikawa adimu. Mwaka 1948 alimpigia simu mtayarishaji wa BBC, akaiga sauti ya mchekeshaji maarufu Kenneth Horne, akamsifu kijana mmoja aitwaye Peter Sellers. Kisha akafichua hila yake, na kazi akaipata. Tangu 1951 hadi 1960 alivuma redioni katika The Goon Show, pamoja na Spike Milligan na Harry Secombe.

Katika sinema alikuwa Inspekta Clouseau, Mfaransa mwenye mikosi. Katika Dr. Strangelove ya 1964 alikuwa watu watatu: afisa Mwingereza, rais wa Marekani na mwanasayansi wa Kijerumani. Katika The Party ya 1968 alijipaka rangi akawa Mhindi. Kicheko hicho kina uchungu kwa mgeni ambaye lafudhi yake humfanya achekwe dukani.

Hata hivyo, mwenyewe alikuwa akisema kwamba nyuma ya sauti hizo zote haioni nafsi yake. Alioa mara nne. Moyo ulianza kumsumbua mwaka 1964, na akafariki London tarehe 24 Julai 1980, akiwa na miaka 54. Mwaka 1979, katika Being There, alikuwa mtunza bustani mpole mwenye sauti moja tulivu, akateuliwa kuwania Oscar.

Ndugu zangu, kuiga ni ujuzi, na mgeni huuhitaji apate riziki. Watoto wetu na waseme Kiingereza cha London na Kiarabu cha Muscat kama wenyeji. Lakini wawe pia na sauti ya kurejea, nayo ni Kiswahili cha bibi zao. Sauti hiyo hawataisikia redioni wala shuleni. Wataisikia kwetu, tukizungumza nao.