Seyyid Barghash na Hasira Yake

Seyyid Barghash alikuwa mwana wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja. Mwaka 1856 Seyyid Said alikufa baharini, na Barghash alikuwa pamoja naye merikebuni. Barghash alitaka kukalia kiti cha baba yake, lakini kiti kikawa cha ndugu yake Majid. Jambo hili likamchoma moyo.

Mwaka 1859 akafanya shauri la kumwondoa ndugu yake. Dada zake wawili, Khole na Salme, wakamsaidia. Salme alikuwa msichana wa miaka 15, lakini alijua kuandika, naye akaandika barua za siri. Majid alipopata habari, askari wakaizunguka nyumba ya Barghash. Ndipo dada zake wakamtorosha usiku, naye amevaa nguo za kike. Akaenda shamba la Marseilles, huko Machui, mbele ya Mwanakwerekwe kwa mtu atokaye mjini. Watu wake wakapigana wakashindwa, na wengi wakafa. Barghash akarudi mjini kwa siri, na huko akajitoa.

Majid angeweza kumwua, lakini aliizuia hasira yake. Barghash akapelekwa Bombay, akakaa huko kama miaka miwili, kisha akaruhusiwa kurudi. Salme naye hakuadhibiwa, na baadaye akapatana na Majid. Barghash alipopata habari ya mapatano hayo, alimkasirikia sana dada yake, yule yule aliyemwokoa.

Majid akafa mwaka 1870, na Barghash akatawala. Alikuwa mtawala hodari. Waingereza walipomtaka akomeshe biashara ya watumwa, kwanza alikataa. Wakamtisha kwa manowari. Mwisho alisikiliza shauri la balozi Kirk, akatia sahihi tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa likafungwa. Mahali pale pakajengwa kanisa kubwa la Mkunazini. Tena Barghash alileta mjini maji safi kwa mabomba, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib.

Lakini kwa dada yake moyo wake haukulainika. Salme alikuwa ameondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa, akaolewa na Mjerumani. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali, akamwachia watoto watatu wadogo. Mwaka 1885 Salme akarudi Unguja kutaka urithi wake na kupatana na ndugu yake. Barghash hakukubali kumwona. Kweli, Salme alikuja na manowari za Wajerumani, nao walikuwa wakimnyang'anya Barghash nchi za bara. Tena alikuwa ameacha dini ya wazee wake. Lakini hasira ya Barghash ilianza zamani, kabla ya mambo hayo yote.

Barghash akafa mwezi wa Machi 1888, nao hawajapatana. Salme akafa Ujerumani mwaka 1924, akazikwa pamoja na mchanga wa Unguja aliokuwa ameuweka miaka mingi.

Hasira ya zamani hujificha nyuma ya sababu mpya, na mwenyewe haitambui. Basi mtu moyo wake ukiwaka, na anyamaze kwanza, ajiulize hasira hiyo ilianza lini. Majid alijizuia, na ndugu yake akapona. Barghash alitawala nchi zaidi ya miaka 17, lakini hasira hii hakuitawala.