Nkosi Johnson: Mtoto aliyewatetea wasiozaliwa

Xolani Nkosi, ambaye dunia ilimfahamu kwa jina la Nkosi Johnson, alizaliwa Februari 4 mwaka 1989 karibu na mji wa Dannhauser, Afrika Kusini, akiwa na virusi vya Ukimwi alivyoambukizwa kutoka kwa mamake.

Maradhi kama rubela na kaswende huweza kumlemaza mtoto angali tumboni. Virusi vya Ukimwi kwa kawaida haviachi kilema. Hupenya wakati wa ujauzito, wa kujifungua au wa kunyonyesha, kisha hudhoofisha kinga ya mwili.

Mamake, naye akiwa mgonjwa, alikubali mwanawe alelewe mjini Johannesburg na Gail Johnson, mhudumu wa kujitolea katika kituo cha wagonjwa wa Ukimwi. Mama huyo alifariki dunia mwaka 1997.

Mwaka huohuo, shule moja ya msingi mjini Johannesburg ilisita kumpokea Nkosi kwa sababu ya hali yake. Mzozo uliozuka ulitikisa taifa zima, na hatimaye mtoto huyo akaingia darasani.

Mwaka 1999 yeye na mama yake mlezi walifungua makao ya Nkosi's Haven, ili akina mama wenye virusi wasitenganishwe na watoto wao.

Mwaka huo pia, matokeo ya utafiti uliofanywa Kampala, Uganda, yalionyesha kwamba dozi moja ya nevirapine kwa mama na moja kwa mtoto hupunguza maambukizi kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo serikali ya Rais Thabo Mbeki, aliyekuwa akitilia shaka chanzo cha Ukimwi, haikuzitawanya dawa hizo katika hospitali zote za umma.

Julai 2000, mbele ya maelfu ya wajumbe wa mkutano wa kimataifa wa Ukimwi mjini Durban, Nkosi, aliyekuwa na umri wa miaka 11 na mwili uliokonda, aliitaka serikali iwape dawa wajawazito wenye virusi.

Alifariki dunia Juni 1 mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 12, na akazikwa Johannesburg.

Julai 2002, Mahakama ya Katiba iliiamuru serikali kuondoa vizuizi vya nevirapine, katika kesi iliyofunguliwa na wanaharakati wa tiba. Nkosi hakuishi kuisikia hukumu hiyo.

Bila tiba, kati ya watoto 15 na 45 katika kila 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama wenye virusi huambukizwa. Kwa tiba, idadi hiyo hushuka chini ya watano.