HABARI ZA ALHAJI GRUNSHI, ASKARI WA PWANI YA DHAHABU

Miongoni mwa watu waliopata sifa ya ushujaa katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918, mmoja ni Alhaji Grunshi. Mtu huyu hakuwa wa pwani yetu wala wa bara yetu. Kwao kulikuwa mbali, upande wa kaskazini wa nchi iliyoitwa Pwani ya Dhahabu, nayo tangu mwaka wa 1957 yaitwa Ghana. Walakini vita vilikileta kikosi chake hata Afrika ya Mashariki, nacho kilipita Kilwa na Ruangwa na nchi ya Nachingwea. Kwa hiyo yafaa habari zake zijulikane na watu wa kusini, maana vita alivyopewa nishani ndivyo vilivyopita mashambani mwa wazee wao.

Kwanza msomaji na ajue maana ya jina lake. Katika Afrika ya Magharibi, Alhaji ni jina aitwalo Mwislamu aliyekwenda kuhiji, na pengine mtoto hupewa jina hilo tangu kuzaliwa kwake. Ama Grunshi si jina la baba. Ni jina la kabila. Desturi ya makarani wa jeshi ilikuwa kuandika kabila mahali pa ukoo, hata daftari zikajaa akina Grunshi na Frafra na Dagomba. Hivyo mtu aliyeacha baba na babu kwao aliingia katika kitabu cha serikali hali ukoo wake umefutwa. Askari wale walitoka katika makabila mengi, wakasikilizana kwa lugha ya Kihausa, kama askari wa huku walivyosikilizana kwa Kiswahili.

Vita vilipoanza mwezi wa Agosti mwaka wa 1914, Pwani ya Dhahabu ilikuwa chini ya Waingereza, na Togo iliyo jirani ilikuwa chini ya Wadachi. Katika Togo Wadachi walikuwa na mtambo mkubwa wa simu ya upepo mahali paitwapo Kamina, wa kupelekea habari kwa merikebu zao baharini. Waingereza na Wafaransa wakaazimu kuushika. Kikosi cha Pwani ya Dhahabu kikavuka mpaka, na huko askari wa Wadachi wakawapiga risasi. Alhaji Grunshi akajibu kwa bunduki yake. Yasemwa kwamba risasi ile ndiyo ya kwanza kupigwa na askari wa Mwingereza wa nchi kavu katika vita vile vyote. Katika Ulaya askari wa Uingereza alipiga risasi yake ya kwanza karibu na Mons, katika nchi ya Ubelgiji, tarehe 22 Agosti. Basi Mwafrika alikuwa amekwisha kumtangulia.

Togo haikukawia. Wadachi wakauvunja mtambo wao kwa mikono yao wenyewe, kisha wakasalimu amri tarehe 26 Agosti 1914. Baada ya hapo kikosi kikapelekwa Kameruni, nchi ya mvua na misitu mizito, na vita vya huko havikwisha hata mwezi wa Februari mwaka wa 1916. Askari wengi walidhani sasa watarudi makwao kulima. Haikuwa hivyo. Mwezi wa Julai mwaka ule ule wakapakiwa melini, wakazunguka ncha ya Afrika, wakashushwa Kilindini, Mombasa. Mkuu wao alikuwa Kanali Rose. Mwezi wa Septemba, katika milima ya upande wa Morogoro, wakafiwa na Kapteni Butler, aliyekuwa amevikwa Msalaba wa Victoria kwa ushujaa wake katika Kameruni.

Kisha wakapelekwa kusini, upande wa Kilwa. Mwezi wa Desemba 1916 walipigana Kibata juu ya kilima kisicho na mti wa kujificha, mizinga ikiwapiga, na wengi wakafa. Kilima kile kikaitwa kwa jina la nchi yao. Tarehe 19 Julai 1917 wakapigana Narungombe, na neno kubwa katika mapigano yale lilikuwa visima. Adui alikuwa ameshika maji, na asiyeyapata hana budi kurudi nyuma.

Basi mwaka ule wa 1917, kiangazi kilipokuwa kikali, vita vikaingia katika nchi ya Wamwera. Safu za askari zilishuka kutoka upande wa Kilwa, zikavuka bonde la Mbwemkuru, zikapita Ruangwa. Mwezi wa Oktoba zikashika Ruponda, iliyo leo katika wilaya ya Nachingwea, mahali Wadachi walipokuwa wameweka akiba yao ya vyakula. Hasara hiyo iliwaumiza Wadachi sana, kwa kuwa jeshi lisilo na chakula hushindwa hata likiwa na risasi. Tarehe 18 Oktoba safu iliyokuwa na askari wa Pwani ya Dhahabu ikafika Lukuledi, penye misheni, njia ya kwendea Masasi. Siku zile zile, upande wa mashariki, askari wa Nigeria na wenzao walikuwa wakichinjana na Wadachi penye Mahiwa. Huko Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa. Jemadari von Lettow-Vorbeck akatoka Mahiwa, akaja kwa haraka, akaipiga Lukuledi tarehe 21. Akazuiwa. Walakini safu ya Waingereza nayo ikarudi nyuma upande wa kaskazini kwa shida ya vyakula. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Novemba, Wadachi wakavuka mto Ruvuma, wakaingia Msumbiji, na kikosi cha Grunshi kikawafuata huko hata mwaka wa 1918.

Msomaji asidhani kwamba ushujaa wa nchi ile ulikuwa wa bunduki peke yake. Maradhi yaliua watu kuliko risasi. Farasi na punda walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo kila kishindo cha mzinga na kila kibaba cha mchele kilikuja juu ya kichwa cha mpagazi. Mpagazi hakuwa na silaha ya kujikinga. Yakadiriwa kwamba wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita vya Afrika ya Mashariki ni karibu 100,000. Na wenyeji, Wamwera na jirani zao, walikuwa hawajapona jeraha la Maji Maji ya 1905, na njaa iliyofuata, walipoona tena chakula chao kikichukuliwa na majeshi mawili, na vijana wao wakishikwa kubeba mizigo.

Alhaji Grunshi aliyavuka yote hayo akiwa hai. Akapanda vyeo hata akawa sajini-meja wa kikosi. Mwezi wa Machi 1918 jina lake lilitajwa katika barua za jemadari kwa kazi yake katika Afrika ya Mashariki, na mwezi wa Machi 1919 akatangazwa kupewa Nishani ya Kijeshi. Tena alikuwa na nishani ya D.C.M., iliyo kubwa zaidi, nayo ilikuwa na namna yake mbali kwa askari wa Afrika. Ama ule Msalaba wa Victoria, katika vita vile vyote hakuna askari Mwafrika wa vikosi vya Magharibi wala vya Mashariki aliyevikwa. Ushujaa ulikuwa mmoja, lakini mizani ya kuupimia ilikuwa miwili.

Mwaka wa 1927 sanamu ya askari ilisimamishwa Dar es Salaam, bunduki yake ikielekea bandarini, kuwa kumbukumbu ya askari na wapagazi. Na soko la Kariakoo limechukua jina lake katika kikosi cha wapagazi hao. Hizo ni heshima za wengi pamoja, wasiotajwa majina. Grunshi amepata zaidi yao jambo moja, nalo ni kutajwa. Miaka mia moja ilipotimia, katika 2014, watu wa nchi mbali mbali walimkumbuka kuwa ndiye aliyepiga risasi ya kwanza.

Lakini mwenye akili hatamsifu kwa risasi ile, kwa kuwa risasi hupigwa na yeyote mwenye kidole. Atamsifu kwa miaka minne ya subira baada yake: kiu ya Narungombe, njia ya Ruangwa, na kusimama penye zamu yake katika vita ambavyo si yeye aliyevianzisha, wala si nchi yake iliyogawanywa ushindi. Na amsifupo yeye, amkumbuke na mpagazi aliyekuwa nyuma yake. Chuma cha nishani huliwa na kutu, na daftari za makarani hukosea majina. Mwenyezi Mungu hakosei jina la mja wake. Na awarehemu wote waliolala katika ardhi ile, wageni na wenyeji. Amin.