Daniel Carrión, mwanafunzi wa udaktari aliyejichanja ugonjwa ili kuufahamu

Kila mwaka, tarehe 5 mwezi wa kumi, nchi ya Peru huko Amerika ya Kusini inaadhimisha siku ya waganga wake. Tarehe hiyo ndiyo aliyokufa Daniel Alcides Carrión, mwaka wa 1885. Alikuwa na umri wa miaka 28, tena alikuwa bado mwanafunzi: alikufa akiwa mwaka wa sita wa udaktari, kabla ya kupata diploma.

Carrión alizaliwa tarehe 13 mwezi wa nane 1857 huko Cerro de Pasco, mji wa machimbo ulio juu sana kwenye milima ya Andes. Baba yake, mwenyeji wa Ecuador, alikufa Daniel angali mtoto mdogo. Kijana huyo alianza masomo milimani, kisha akatumwa Lima, mji mkuu, kwa ajili ya shule ya sekondari. Kunako mwaka wa 1880 aliingia katika shule ya udaktari ya San Fernando, iliyo sehemu ya Chuo Kikuu cha San Marcos.

Safari zake kati ya Lima na milima zilimpitisha kwenye mabonde ambamo ugonjwa mmoja ulikuwa unasumbua wakaaji tangu zamani. Wagonjwa waliota vinundu vyekundu kwenye ngozi, vyenye kutoka damu. Watu waliita ugonjwa huo verruga. Kisha, toka mwaka wa 1870, serikali ilianza kujenga reli kutoka Lima kuelekea mji wa La Oroya, na wafanyakazi waliolala kwenye mabonde hayo wakapigwa na homa kali. Damu yao ilipunguka haraka, wakageuka weupe, na maelfu wakafa. Homa hiyo ikapewa jina la homa ya Oroya.

Waganga walibishana. Wengine waliona homa na vinundu kuwa magonjwa mawili tofauti, wengine walisema ni ugonjwa mmoja wenye sura mbili. Hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kumaliza ubishi.

Carrión alianza kufuata wagonjwa wa verruga hospitalini na kuandika historia ya kila mmoja wao. Lakini wakati ulikuwa mbaya. Peru ilikuwa katika vita na Chile. Mwezi wa kwanza 1881, wanafunzi wa udaktari, Carrión akiwemo, walihudumia majeruhi wa mapigano ya San Juan na Miraflores. Kisha jeshi la Chile likakalia Lima hadi mwaka wa 1883, na chuo kikuu kikaporwa. Hata baada ya vita, mambo hayakutulia: maprofesa wa udaktari waligombana na serikali iliyotaka kuamua mambo ya shule yao, wengi wakajiuzulu. Ndio hao walioanzisha Chuo Huru cha Waganga, ambacho mwaka wa 1885 kilitangaza shindano: zawadi kwa atakayeandika kazi bora kuhusu ugonjwa wa verruga.

Carrión alitaka kushindana. Tayari alikuwa na maandishi juu ya wagonjwa kadhaa, ila aliona pengo kubwa. Wagonjwa walifika hospitalini vinundu vikiwa vimekwisha kutoka. Hakuna aliyejua ugonjwa unakaa siku ngapi mwilini kabla ya kujionyesha, wala unaanza na dalili gani. Daktari asiyejua mwanzo wa ugonjwa angewezaje kuutambua mapema? Njia aliyoiona ni kujichanja mwenyewe. Wakubwa wake na rafiki zake walijaribu kumzuia, lakini hakukubali.

Asubuhi ya tarehe 27 mwezi wa nane 1885, katika Hospitali Dos de Mayo mjini Lima, alisimama karibu na kitanda cha kijana aliyekuwa na kinundu cha verruga usoni. Alijaribu kujichanja kwa mkono wake mwenyewe, ikamshinda. Daktari Evaristo Chávez, aliyekuwa hapo, akamsaidia. Damu iliyotoka kwenye kinundu ikaingizwa katika mikono yote miwili ya Carrión.

Siku 21 zilipita akiwa mzima. Tarehe 17 mwezi wa tisa alianza kusikia maumivu na uchovu, kisha homa ikampanda na baridi ikamtetemesha. Kila siku aliandika hali yake: homa, maumivu ya mifupa, rangi ya ngozi, udhaifu. Tarehe 26 aliona hawezi tena kuendelea, akawaomba wanafunzi wenzake washike kalamu, waandike kila kitu watakachoona.

Wenzake waliona damu yake ikipunguka siku kwa siku. Carrión alikuwa amengoja vinundu. Badala yake alikuwa na dalili zote za homa ya Oroya, ile iliyoua mwenzake mmoja wa masomo. Akiwa kitandani alifahamu maana yake, akawaeleza rafiki zake: damu ya kinundu imemletea homa, kwa hiyo magonjwa haya mawili ni ugonjwa mmoja. Waganga walifikiria kumwongezea damu, lakini haikufanyika. Alikufa usiku wa tarehe 5 mwezi wa kumi.

Kifo chake kilizusha lawama. Wengine walisema ni upumbavu, wengine wakamshitaki Daktari Chávez kana kwamba ameua mtu, ingawa kesi hiyo haikufika mbali. Wanafunzi wenzake ndio waliookoa kazi yake: mwaka wa 1886 walichapisha maandishi yake pamoja na yale waliyoandika wenyewe pembeni ya kitanda chake.

Hata hivyo ubishi haukuisha mara moja. Daktari Alberto Barton wa Peru ndiye aliyeona vijidudu vya ugonjwa ndani ya damu, akatangaza jambo hilo mwaka wa 1909, na bakteria hiyo ikapewa jina la Bartonella. Mwaka wa 1913 kundi la watafiti kutoka Harvard, Marekani, lilisema tena kwamba ni magonjwa mawili. Majaribio ya maabara kunako mwaka wa 1926 yalithibitisha kwamba mwanafunzi wa Cerro de Pasco hakukosea. Leo inajulikana kwamba ugonjwa huo unaenezwa na usubi, na dawa za kuua bakteria zinautibu. Unaitwa ugonjwa wa Carrión. Daraja la reli lililoitwa Verrugas nalo sasa lina jina lake.

Peru inamheshimu kama shujaa, na ni haki yake. Lakini maisha yake yanaonyesha pia kile alichokosa. Alikuwa na swali zuri, bidii, na wenzake waaminifu. Hakuwa na maabara, wala kamati ya kupima hatari ya jaribio kabla halijafanyika, wala msimamizi mwenye uwezo wa kumwambia hapana na kumtafutia njia nyingine. Shindano lilitoa zawadi kwa kazi iliyokwisha kuandikwa. Halikumpa mwanafunzi njia ya kuifanya bila kujiua.

Kwetu pia, huko Bukavu, Goma, Butembo au Kisangani, wanafunzi wa udaktari wanaokaa karibu na vitanda vya wagonjwa wanaweza kuona mambo ambayo hayajaandikwa kitabuni. Mwenye swali kama la Carrión anahitaji profesa wa kumfuata kwa karibu, kamati ya kusoma mpango wake, nafasi katika maabara, pesa kidogo za kazi, na mahali pa kuchapisha alichokiona. Bila hivyo, swali litabaki katika daftari lake, au atajaribu kulijibu peke yake.