Sayyid Majid, Mwenye Kuanzisha Dar es Salaam

Juzi hapa Mabela mjukuu wangu alinionesha kwenye simu picha ya Old Boma, lile jengo la mawe la Sokoine Drive, Dar es Salaam, akaniuliza Wajerumani walilijenga mwaka gani. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe katika skuli ya misheni nilifundishwa kuwa mji ule ulianza na Wajerumani, na miaka yangu yote ya ukarani nilipita mbele ya jengo lile bila kujua ni la nani. Basi nimeona niandike khabari za mwenyewe, Sayyid Majid bin Said.

Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alifariki baharini Oktoba 1856, akitoka Maskati kurudi Unguja. Majid, kijana wa miaka ishirini na kitu, akashika Unguja. Kaka yake Thuwaini akashika Maskati. Hawakupatana. Mwaka 1859 Thuwaini alituma merikebu za vita, Waingereza wakazirudisha njiani. Mwaka huohuo mdogo wao Barghash akamuasi Majid palepale Unguja, akahamishiwa Bombay. Mwaka 1861 Lord Canning, aliyekuwa akiitawala India kwa niaba ya Waingereza, aliamua nchi ziwe mbili, na Unguja iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Sisi wenye jamaa huku na kule bado tunaishi ndani ya uamuzi ule.

Katikati ya miaka ya 1860 Majid aliichagua Mzizima, kijiji kidogo cha Mrima. Bandari yake ina kina na imejikinga na mawimbi, naye alitaka misafara ya pembe kutoka bara iishie hapo. Akajenga jumba lake na nyumba za wageni, akawaita wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kihadhrami waje kukaa. Mji akauita Dar es Salaam. Tusifiche pia kwamba kazi nyingi ilifanywa na watumwa.

Hakuumaliza. Alifariki Oktoba 1870, umri wake miaka thelathini na kitu. Barghash, ambaye alikwisha kurejea kutoka Bombay, akarithi kiti, lakini mji wa kaka yake hakuushughulikia, na majengo yakaanza kubomoka. Wajerumani walipoingia 1887 walikuta bandari, nyumba na jina. Mwaka 1891 wakahamishia hapo makao makuu yao kutoka Bagamoyo, na tangu hapo wakahesabiwa wao ndio waanzilishi.

Jumba la Majid halipo tena. Old Boma ipo, na milango yake ya kuchonga ya Kiunguja. Barabara hiyohiyo ipo nyumba nyingine ya zama zake, ambayo leo inaitwa Atiman House, kwa jina la Adrian Atiman, tabibu wa Karema aliyetekwa utumwani utotoni, kisha akakombolewa na mapadri. Nyumba ya Sultani imebeba jina la aliyekuwa mtumwa, na mimi sioni ubaya wake. Wote wawili ni wa historia ile.

Mjukuu wangu atakwenda Dar likizo hii, inshallah. Nimemwomba asimame mbele ya Old Boma, amwombee rehema Sayyid Majid, na awaombee pia wale waliobeba mawe, ambao majina yao hatunayo.